Hailey-Hailey ikiamka kwenye joto la Mtwara: mwongozo kamili kwa wenye makwapa na mapaja yanayochubuka kila msimu

Baba yangu alikuwa na shati moja la kaki la shamba ambalo mama alilikata mikono yote mpaka chini ya kwapa, ukimwona nalo unadhani kizibao cha fundi. Msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ukifika, miti ikianza kutoa maua, anabeba ile mashine ya kupulizia mgongoni alfajiri kabla upepo haujaanza, akirudi saa tatu mikanda ishamkwaruza, jasho limechanganyika na vumbi la salfa na makwapa yamechanika kama gazeti lililolowa. Kule kwetu Newala wengine walisema salfa imemla, wengine wakasema amechezewa. Mzee amefariki hajui jina la kilichokuwa kinamtesa. Mi jina hilo, Hailey-Hailey, ugonjwa wa ngozi, nimelijua nikiwa na miaka 34, baada ya kuambiwa fangasi mpaka nikachoka, kupimwa ngoma mara tatu, kuambiwa mkanda wa jeshi, na kituo kimoja mhudumu kaniuliza mbele za watu kama naoga.

Naoga jamani. Tena shida mojawapo ilikuwa naoga kwa kusugua sana.

Haya ninayoandika ni ya mgonjwa mwenye miaka kadhaa ya kuishi nao hapa Mtwara mjini, na kwenda shamba kila msimu. Mi sio daktari, kwaiyo dozi na dawa za kumeza ni za daktari wako. Ila kuna mambo mengi ya kufanya ambayo hayana dozi, na mengine nimeyajua baada ya kuumia.

Kwanza ujue unachopambana nacho

Jina la ugonjwa limetokana na madaktari wawili ndugu wa Marekani, Hugh na Howard Hailey, walioueleza mwaka 1939. Ni ugonjwa wa kurithi. Kuna jeni moja (kipande cha urithi tunachopata kwa wazazi), ATP2C1, iliyogunduliwa kuwa ndo chanzo mwaka 2000, kazi yake ni kutengeneza pampu ya kalsiamu ndani ya seli, pampu ikilegea basi seli za ngozi ya juu zinashindwa kushikana vizuri. Fikiria nyumba ya tofali ambayo udongo wa kuunganishia ulichanganywa ovyo: imesimama poa tu mpaka siku mvua inapiga na mtu anaegemea. Hata wataalamu wakiangalia kipande cha ngozi kwenye hadubini wanasema wanaona ukuta wa tofali unaobomoka. Mvua yetu ni jasho, na kuegemea ni msuguano wa nguo, mkanda, paja kwa paja.

Ndo mana unashika sehemu za mikunjo: makwapa, kinena, ndani ya mapaja, shingoni, chini ya maziwa kwa wanawake. Wengi unaanza ukubwani, miaka ya 20 mpaka 40 hivi, ndo mana mtu anashangaa mbona sikuzaliwa nao. Hauambukizi hata kidogo. Mzazi akiwa nao kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Na tafadhali usianze kunywa maziwa lita mbili kwa siku kwa sababu umesikia kalsiamu, pampu haitengenezwi na maziwa, nishapita huko nikaambulia tumbo kujaa.

Kitu kimoja cha kujiangalia saizi hivi: kucha zako. Wengi wetu tuna mistari myeupe membamba inayokwenda kwa urefu wa kucha, kutoka kwenye nyama kwenda nchani. Haiumi, haina shida, ila daktari wa ngozi akiiona anapata picha. Baba alikuwa nayo kwenye vidole karibu vyote na sisi watoto tulidhani ni utomvu wa korosho.

Jibu la uhakika ni kukatwa kipande kidogo cha ngozi kwa ganzi kikapimwe. Dai hicho kipimo, mana ugonjwa huu una jina lingine la kitaalamu linaloingia kwenye familia ya pemfigasi na watu wanauchanganya na pemfigasi yenyewe, ambayo ni jambo jingine kabisa, mwili unajishambulia na inatibiwa kwa dawa nzito. Pemfigasi mara nyingi inaanza na vidonda mdomoni. Huu wetu mdomoni ni nadra sana.

Kabla ya kupaka, tazama

Kama utasoma kipande kimoja tu soma hiki. Kosa langu la miaka lilikuwa kwapa likiwaka tu mkono unakwenda kwenye tyubu. Na tyubu yenyewe ni zile zenye dawa tatu ndani, ya fangasi, ya bakteria na steroidi (ya kutuliza mwasho na wekundu), duka lolote la dawa utapewa bila swali. Inatuliza siku mbili, unaona umepona, unaacha, inarudi, unapaka tena, mwisho ngozi ya kwapa imekuwa nyembamba inang'aa kama ganda la kitunguu na ukiigusa inachanika. Hapo tena hujui ugonjwa ni upi na dawa ni ipi.

Sasa nafanya hivi. Asubuhi kabla ya kuoga, kioo cha mkononi na tochi ya simu, mkono juu ya kichwa, natazama dakika nzima. Kunusa pia, usione aibu, pua inajua.

Ukiona wekundu na nyufa nyembamba zilizolala sambamba kama mikato ya wembe, panawasha kama moto ila hapana harufu ya ajabu, huo ni msuguano na jasho tu. Huhitaji antibayotiki. Ukiona majimaji ya njano, magamba, usaha, harufu ya kuoza ambayo kuoga hakuiondoi, na maumivu yanaongezeka kila siku, bakteria wameingia. Ukiona utando mweupe kama uji uliokauka na vipele vidogo vyekundu vimezunguka pembeni mwa eneo, na kuwasha kuliko kuuma, hapo fangasi kweli wapo. Wakati mwingine wote wapo, kwa raha zao.

Ila kuna sura moja usiisubiri. Ghafla tu, ndani ya siku moja au mbili, vinatokea vidonda vidogo vidogo vya saizi moja vimejikusanya kama vimetobolewa na msumari, maumivu makali kupita ulivyozoea, na homa. Hicho kinaweza kuwa kirusi cha hepesi kimeingia kwenye ngozi iliyochubuka. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usimalize kupika. Inatibiwa kwa dawa ya virusi na inataka iwahiwe, na steroidi ya kupaka hapo ndo inaweza kuharibu zaidi.

Saa ya kwanza: poza, loweka, kausha

Umerudi, kumewaka. Vua kila kinachobana. Usikimbilie spiriti wala sabuni ya dawa, na ndimu na shabu ambavyo tunavitumia kuondoa harufu ya kwapa sahau kabisa kwenye ngozi iliyochubuka.

Mwagia maji ya baridi ya kawaida, kwa mkono, bila dodoki. Wa kule juu Newala na Tandahimba najua shida ya maji, ndoo ya lita 20 mnagawana nyumba nzima, kwaiyo sikudanganyi uoge mara nne. Kopo moja la lita linatosha: nusu ya kumwagia taratibu kwapa na kinena, nusu ya kulowekea kitambaa.

Kuloweka ndo kazi yenyewe. Rahisi kuliko zote ni maji chumvi, chemsha nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe kabisa, lowesha kitambaa laini safi (mi nakata khanga iliyozeeka, hakuna kitu laini kama khanga ya miaka kumi), kamua kidogo, weka kwapani dakika kumi, rudia mara mbili kwa siku. Kama panatoa majimaji na harufu, pamanganeti ya potasiamu inasaidia sana, ile ya chembe za zambarau nyeusi unauziwa famasi. Lakini hii ina adabu zake. Yeyusha chembe chache kwenye kopo kwanza mpaka usione hata moja chini, mana chembe isiyoyeyuka ikigusa ngozi inaunguza, afu ndo unamimina kidogo kidogo kwenye beseni la maji mpaka rangi iwe pinki hafifu, sharubati ya rozela iliyozimuliwa mpaka mwenye duka anaona aibu kuiuza. Ikiwa zambarau ni kali mno, ongeza maji. Dakika kumi mpaka kumi na tano basi. Yakigeuka kahawia yameisha nguvu, mwaga. Inachafua kucha, beseni na shuka, na ikimezwa ni sumu, kwaiyo funga juu kabisa mbali na watoto. Pakishakauka acha, usiendelee kwa mazoea, itakausha mpaka ipasue.

Kukausha sasa. Kukausha sio kusugua na taulo. Gandamiza khanga kavu, inua, gandamiza. Afu lala chali mikono imewekwa juu kama mtu aliyekamatwa, feni inapuliza, dakika ishirini. Umeme ukikatika mtoto anapepea na ungo, analipwa andazi. Wanangu wananijua, wakiniona nimelala hivyo wanauliza, mama leo tena?

Dawa, na kiasi chake

Kwa mwasho wa msuguano tu, steroidi nyepesi kama hidrokotisoni, au ya nguvu ya kati aliyoandika daktari, kwa siku chache mpaka wiki mbili hivi kama alivyosema yeye, afu unaacha. Kwenye mikunjo dawa inapenya zaidi kuliko mkononi au mgongoni, ndo mana kiasi kinatakiwa kidogo. Kamua mstari kutoka nchani mwa kidole mpaka kiungo cha kwanza: hicho kinatosha eneo la viganja viwili, kwaiyo kwapa moja ni nusu yake. Mi nilikuwa napaka kama siagi kwenye mkate.

Na naomba nikae hapa kidogo. Dada zangu, clobetasol ni steroidi kali sana na ndo imo kwenye krimu nyingi za kujichubua na mikorogo. Ukisikia shoga anakwambia krimu yake ya uso "inakausha kila kitu" na wewe unaipaka kinenani, umejipaka dawa kali kwenye ngozi laini kuliko zote mwilini bila kujua. Soma maandishi madogo kwenye tyubu.

Fangasi wakiwepo, klotrimazoli ya kupaka. Bakteria wakiwepo, daktari atakupa ya kupaka au ya kumeza, na wengi wetu tunapewa doksisaiklini kwa muda, inasaidia kutuliza mchomo wenyewe pia. Inywe na maji mengi, usilale hapo hapo, inafanya jua likuunguze haraka, na mjamzito haifai. Usinunue vidonge kumi kwa kukadiria. Ukiweza daktari achukue pamba ya usaha ipelekwe maabara ajue mdudu gani, mana wengine wamezoea dawa.

Pakishafunga, krimu ya zinki, ile ile ya upele wa nepi za watoto, safu nyembamba asubuhi. Inakaa kama ukuta kati ya ngozi na jasho. Poda ya wanga achana nayo, ikilowa inakuwa uji na fangasi wanashangilia.

Kuna matibabu makubwa zaidi, sindano za botulinamu za kupunguza jasho na leza, kwa ambao hizi za kawaida zimeshindwa. Hayo unayaongea na bingwa wa ngozi, na hata yenyewe hayaondoi ile jeni.

Nguo, kulala, kufua

Pamba, pana, na mshono usipite kwenye kidonda. Geuza nguo nje ndani uone, kuna blauzi za mitumba nzuri sana ila mshono wa kwapa ni mnene kama kamba ya mbuzi. Nyumbani navaa dera bila sidiria na sina mjadala na mtu. Nikitoka naweka kipande cha khanga kilichokunjwa chini ya maziwa na kingine cha akiba kwenye pochi, kikilowa nabadilisha. Wanaume, boksa ndefu ya pamba inayofika katikati ya paja inazuia paja kusugua paja, chupi yenye lastiki kinenani inakata. Uzito pia unachangia, mikunjo ikiongezeka msuguano unaongezeka, nasema hivyo nikiwa na kilo zangu.

Miezi ya Novemba mpaka Machi ndo vita, joto la kufukuta na mvua pamoja, nguo hazikauki. Nguo yenye unyevu usiivae hata kama inaonekana kavu, pitisha pasi ndani hasa kwenye mishono. Suuza mara mbili, sabuni ya unga iliyobaki kwenye kitambaa inawasha. Kusi ikianza kuvuma na hewa kupoa wengi tunapumua, ila wa shamba ndo salfa inaanza, kwaiyo kupumua kwenyewe nusu.

Kunyoa

Hili hatuambiwi hospitali kwa sababu wanaona aibu kuuliza. Huku kwetu kunyoa kwapa na kinena ni usafi na kwa wengi ni sunna, na tunanyoa kwa wembe. Wembe kwenye ngozi hii ni kuiamsha kwa makusudi. Kipindi kumewaka usinyoe kabisa. Pakitulia punguza kwa mkasi mdogo au mashine ya umeme bila kugusa ngozi, ukiwa mkavu, nusu sentimita inatosha. Mi nilimuuliza ustaadhi wa mtaani kwetu, nikamweleza ni ugonjwa, akaniambia mgonjwa asijidhuru, punguza unavyoweza. Nilikaa miaka nikibeba hiyo peke yangu bure.

Shamba na korosho

Kama unaweza, mashine ya salfa abebe mwingine. Kama huwezi, na wengi hatuwezi, jilinde zaidi ya mama alivyomlinda baba: fungia khanga iliyokunjwa mara nne kwenye mikanda pale inapopita begani na mbavuni, paka zinki kabla ya kutoka, vaa shati pana la mikono juu ya fulana ya pamba, beba fulana ya pili. Ukimaliza oga huko huko kabla jasho na salfa havijakauka mwilini, hata kama ni kopo moja. Mashine ishushe kila baada ya miti kadhaa uinue mikono upoe. Watasema una mapozi.

Kuokota korosho kuna shida yake, kuinama siku nzima kinena kinafukutika, afadhali kiti kifupi na kusogea nacho. Kubangua ndo hatari, mafuta ya ganda yanaunguza hata ngozi nzima sembuse yetu, na mkono wenye hayo mafuta ukijikuna kwapa utalia. Glavu, majivu au mafuta ya kula mkononi kama wabanguaji wanavyofanya, na ukimaliza nawa kabla ya kwenda chooni.

Watu wa nyumbani

Mume au mke aambiwe, tena mapema. Haiambukizi kwa kugusana, kwa kulala pamoja, kwa taulo. Tendo linaweza kuchubua kwa sababu ya msuguano, kwaiyo kumewaka mnasubiri, pakitulia mnafanya taratibu. Wangu nilimwambia mwaka wa nne wa ndoa, akasema alikuwa anadhani namkwepa. Stresi nayo inaamsha, na siri ni stresi.

Lini usikae nyumbani

Homa, wekundu unaotambaa kwenda nje ya mkunjo, uvimbe wa tezi wenye maumivu, vile vidonda vya kutobolewa nilivyosema, au kidonda kimoja kinachogoma kupona miezi na kinaota nyama: hivyo vyote ni safari ya hospitali. Mtwara anzia Ligula, Lindi Sokoine, wa Masasi mna Ndanda na wa njia ya Lindi mna Nyangao. Waulize kama kuna kliniki ya ngozi na siku zake, kama hakuna omba rufaa, Hospitali ya Kanda ya Kusini ipo hapo Mitengo, na nchi yetu ina chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992 kinachofundisha wataalamu wa ngozi, kwaiyo usikubali kuambiwa ugonjwa huu hauna watu wake.

Siku ya kliniki mara nyingi unakuta ngozi imetulia, unaonekana muongo. Kwaiyo piga picha kila ugonjwa ukiamka, asubuhi mwanga wa dirishani, kabla hujapaka kitu, weka sarafu pembeni ionekane saizi, na andika tarehe, ulifanya kazi gani jana, ulivaa nini, ulipaka nini. Beba na tyubu zote ulizotumia hata zilizoisha. Picha zenyewe ziweke kwenye folda yenye namba ya siri, mana simu zetu ndo hizo watoto wanachezea gemu, na mimi kaka yangu alishafungua akitafuta picha za harusi.